Kipindi cha watoto si dalili ya kuchuja

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Moshi kuna dhana ya miaka mingi: mwigizaji akihamia kipindi cha watoto, ujue amechuja. Mfano wao ni LeVar Burton, ambaye wengi tunamwita Kunta Kinte tu, jina la kijana wa Gambia aliyemwigiza katika tamthilia ya Roots. (Wala si Mgambia, ni Mmarekani aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1957.)

Tarehe zinakataa. Tamthilia ya Roots ilirushwa Januari 1977, akiwa na miaka 19. Reading Rainbow, kipindi cha kuwavuta watoto wasome vitabu, kilianza 1983. Mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulimchukua baadaye, 1987, akawa Geordi La Forge, mhandisi kipofu wa chombo cha anga za juu anayeona kwa kifaa kinachofunika macho. Cha kuchekesha, Burton mwenyewe anaona, ila kifaa kile ndicho kilichomziba.

Kwa hiyo alianza na watoto, ndipo akapaa angani. Na hakuwaacha: mfululizo huo wa Star Trek ulikwisha 1994, kipindi cha vitabu kikaendelea hadi 2006, kikizoa tuzo kadhaa za Emmy. Binafsi naona hiyo ndiyo kazi yake nzito kuliko zote.