Acheni kuhesabu nyuso, tazameni kamera inageukia wapi

"Lakini kwenye Friends si alikuwemo yule dada mweusi? Sasa mnalalamikia nini?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na safari hii limetoka kwa mtu anayejifunza kuandika skripti, mtu ambaye kesho na keshokutwa atakaa kwenye chumba cha waandishi na kuamua nani aseme nini. Ndiyo maana nalijibu kwa kirefu. Kazi yangu ni kuhariri skripti za vichekesho vya runinga na kuwafunda wengine waziandike, na katika kazi hiyo hakuna kinachoniudhi kama kuona suala la rangi likigeuzwa zoezi la kuhesabu vichwa.

Haya, tumtazame huyo dada. Ni Charlie Wheeler, aliyeigizwa na Aisha Tyler. Friends ni kichekesho kilichorushwa na NBC, kituo cha runinga cha Marekani, kuanzia 1994 hadi 2004, sehemu 236, marafiki sita wote weupe, tena ndani ya New York, jiji ambalo ukipanda treni moja tu unakutana na watu wa kila rangi. Charlie aliingia mwaka 2003 na akatokea katika sehemu 9. Anayehesabu atasema yumo, yamekwisha. Mimi nauliza: mhusika huyu anachekesha kwa nini? Kati ya wale sita, Monica ana wazimu wa usafi. Joey hagawi chakula chake na mtu. Ross ana talaka tatu na bado anajiona mwalimu wa mapenzi. Chandler hawezi kusema neno la moyoni bila kulifunika kwa utani. Charlie ana nini? Ni profesa, ni mzuri, ana akili, ana adabu. Hana kasoro hata moja, na katika vichekesho asiye na kasoro hana la kufanya. Anasimama karibu na wanaochekesha, anatabasamu, halafu anaondoka na mpenzi wake wa zamani mwenye tuzo ya Nobel. Amesindikiza tu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu wengi wanadhani dawa ya ubaguzi katika vichekesho ni kumleta mhusika mweusi na kumsafisha mpaka ang'ae. Aonekane msomi, mstaarabu, asiyekosea. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wenzake wamepewa ujinga, choyo, wivu na woga, yaani mali yote ya vichekesho, na yeye amepewa heshima. Heshima haichekeshi, na asiyechekesha ndiye wa kwanza kukatwa skripti inapozidi dakika.

Woga huu wa kumpa mhusika mweusi kasoro una historia, nami siubezi. Kichekesho cha Amos 'n' Andy kilianza redioni mwaka 1928, wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wakiigiza sauti za watu weusi. Mwaka 1951 kituo cha CBS kilikihamishia kwenye runinga, safari hii na waigizaji weusi wenyewe, na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, ikasimama kukipinga tangu mwanzo. Uzalishaji ulikoma 1953, ingawa marudio yaliendelea kuonyeshwa vituoni hadi 1966. Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Badala ya kutafuta waandishi wengine, wenye vituo walinyamaza. Ulipita muongo na zaidi kabla ya NBC kuleta Julia mwaka 1968, Diahann Carroll akiwa nesi, mjane ambaye mumewe aliuawa Vietnam, anayemlea mwanawe katika nyumba nzuri yenye amani. Huo ndio mwaka aliouawa Martin Luther King. Wengi walilalamika kwamba Julia haishi katika nchi wanayoishi wao, na walikuwa na haki. Hata hivyo sipendi Carroll alaumiwe. Alipewa nafasi moja, na kwenye nafasi moja huwezi kuwa mtu, unakuwa balozi.

Kisha ikaja The Cosby Show, 1984 hadi 1992. Najua tuhuma za kuwadhulumu wanawake kingono zilizokuja kujulikana baadaye kuhusu Bill Cosby, nyota wa kipindi hicho, na sizifuniki. Hapa nazungumzia kipindi. Baba daktari, mama mwanasheria, nyumba ya maana Brooklyn, misimu mitano mfululizo ikiongoza kwa watazamaji Marekani nzima. Skripti zilikuwa zikipitiwa na daktari wa magonjwa ya akili, Alvin Poussaint, ili zisije zikabeba taswira mbaya. Kama taswira nzuri ingekuwa dawa, basi hii ndiyo ingekuwa dozi kamili. Lakini watafiti Sut Jhally na Justin Lewis walipokaa na watazamaji na kuwasikiliza, wakayachapisha matokeo mwaka 1992, walikuta watazamaji wengi weupe wameitumia familia hiyo kama ushahidi kwamba ubaguzi umekwisha: kama hawa wameweza, waliobaki nyuma wamejitakia. Someni hilo mara mbili kabla ya kuniambia tena kwamba tunahitaji wahusika weusi "wa kuigwa".

Nikifika hapa, mwanafunzi mwerevu huniuliza: kwa hiyo unataka tuwafanye wahusika weusi wajinga? Hapana. Nataka wawe na kasoro, na kasoro si kinyago.

Tuchukue Good Times, iliyoanza CBS mwaka 1974. Familia maskini katika nyumba za serikali Chicago. Esther Rolle alipopewa nafasi ya mama alishikilia kwamba lazima pawe na baba ndani ya nyumba, na akapatikana John Amos. Msimu wa kwanza bado unanishika hadi leo: kodi, kazi inayopotea, mtoto mdogo Michael anayewahutubia wakubwa kuhusu siasa. Mtoto mkubwa, J.J., aliyeigizwa na Jimmie Walker, ni mchoraji, mcheza maneno, muongo kidogo. Hizo ni kasoro, na ni nzuri. Kisha watazamaji waliokaa studioni wakacheka kila alipotoa lile neno lake la kulipuka, "Dy-no-mite!", na waandishi wakafanya wanachofanya waandishi wakisikia kicheko: wakaliongeza. Neno likawa kila wiki. Kofia ikazidi, macho yakazidi kutolewa, na uchoraji ukasahaulika. Mwaka 1975 Rolle aliliambia jarida la Ebony waziwazi kwamba kijana huyu ana miaka 18, hana kazi, hajui kusoma wala kuandika, hafikiri. Amos alilalamika kwamba watoto wale wengine wawili nao wangeweza kuchekesha kwa ndoto zao. Mwaka 1976 akaondolewa, na baba aliyemwigiza akauawa katika ajali ya gari. Mwaka uliofuata Rolle naye aliondoka, akarudi msimu wa mwisho tu.

Sasa, kipimo changu ni hiki, nami hukitumia kila ninapohariri. Kasoro inatoka kwenye kile mhusika anachokitaka. Kinyago kinatoka kwenye kile mtazamaji anachokitegemea. J.J. akidanganya ili picha yake inunuliwe, hiyo ni kasoro, kwa sababu nikibadilisha anachokitaka, uongo wake nao unabadilika. J.J. akitoa macho na kupiga neno lake bila kutaka chochote ndani ya onyesho, kinyago tayari kimevaliwa. Unaweza kuukata mstari huo ukaubandika sehemu nyingine yoyote na studio ikacheka vilevile. Ukiweza kuuhamisha, ufute.

Kipimo cha pili ni kamera, na hiki wanaohesabu nyuso hawakioni kabisa. Kwenye vichekesho vya kamera nyingi, vinavyopigwa kwa kamera kadhaa kwa pamoja, kila mzaha unafuatwa na uso. Mtu anasema, tunakata, tunaona anayepokea. Uso huo ndio unaomwonyesha mtazamaji akae upande gani. Kama mhusika mweusi anasema na kila mara tunakata kwa mweupe aliyeduwaa, basi mweusi amekuwa tamasha na mweupe amekuwa jicho. Unaweza kuwa na waigizaji weusi watatu kwenye onyesho zima na jicho likabaki kuwa la mtu mwingine.

Linganisha na onyesho moja la sehemu ya kwanza ya The Jeffersons, 1975. Florence, aliyeigizwa na Marla Gibbs, amekuja kuomba kazi ya ndani katika ghorofa la matajiri Manhattan. Anawakuta wanawake wawili weusi, Louise Jefferson na Helen Willis. Anauliza kama ni kweli wote wawili wanaishi humu ndani. Naam, wanaishi. Basi Florence, akigusia ule wimbo wa waandamanaji wa haki za kiraia, "We Shall Overcome" (Tutashinda), anauliza imekuwaje tumeshashinda na yeye hakuna aliyemwambia. Studio nzima inalipuka. Tazama kilichomo: wanawake watatu weusi, hali tatu za maisha, na katika mstari ule hakuna mzungu wa kumtafsiria mtu yeyote. Louise mwenyewe aliwahi kuwa mfanyakazi wa ndani. Helen ameolewa na mzungu. Kicheko kinapita katikati yao, na kila uso ambao kamera ingeugeukia una historia yake. Huwezi kuuandika mstari huo kama mweusi yuko peke yake chumbani. Florence alikusudiwa atokee mara moja. Alibaki, na Gibbs kwa muda aliendelea na kazi yake ya shirika la ndege huku akiigiza. Kipindi kilidumu misimu 11.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya darasani hulipita haraka. The Jeffersons ilibuniwa na waandishi watatu weupe: Don Nicholl, Michael Ross na Bernie West. Good Times ilibuniwa na weusi wawili, Eric Monte na Mike Evans. Anayesema kwa mkato kwamba weka waandishi weusi na mambo yatanyooka, lazima ajibu hilo. Mimi naamini kinachoamua ni nani ana neno la mwisho mezani, na ndani ya kampuni ya Norman Lear, mtayarishaji wa vipindi vyote viwili, neno hilo halikuwa la Monte wala Evans. Lakini imani hiyo haielezi ule mstari wa Florence, na sitajifanya inaeleza.

Wasiwasi wangu mwingine ni mkubwa zaidi. Vipindi hivi vilizaliwa kutoka All in the Family, ambayo Lear aliitengeneza ili kumcheka Archie Bunker, mzee mbaguzi. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walionyesha kwamba watazamaji wenye chuki zaidi walimwona Archie ndiye mwenye hoja, na ndiye mshindi wa mabishano. Mzaha ule ule, vicheko viwili vinavyopingana. Sijui skripti gani inaweza kuzuia hilo, na humtilia shaka mwandishi anayeniambia yake inaweza.

Kuhusu biashara nitasema machache, maana hapa hakuna fumbo. Living Single ya Yvette Lee Bowser ilianza Fox mwaka 1993, mwaka mzima kabla ya Friends, kutoka studio ile ile ya Warner Bros.: marafiki sita, Brooklyn, wote weusi, wote wamejaa kasoro tamu. Maxine ni wakili hodari anayevamia friji la watu. Regine anawinda mume tajiri. Khadijah anaendesha jarida na hajui kupumzika. Kila mmoja ana anachokitaka, na hakuna aliye balozi wa mtu. Fox ilijijenga kwa watazamaji weusi, kisha ilipopata haki za kuonyesha NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikavifuta vipindi vyao kadhaa mwaka 1994. Mwaka 1999 Kweisi Mfume wa NAACP alisimama kulaumu vituo vinne vikubwa: vipindi vipya 26, hakuna hata kimoja chenye mhusika mkuu asiye mweupe. Hesabu ya nyuso ilifaa siku hiyo, kwa sababu jibu lilikuwa sifuri. Marta Kauffman, mmoja wa waliobuni Friends, mwaka 2022 alikiri kasoro ya kipindi chake na kutoa dola milioni 4 kwa masomo ya Kiafrika na ya Wamarekani weusi katika Chuo Kikuu cha Brandeis. Nampongeza. Lakini hakuna fedha ya kuzirudia zile sehemu 236.

Siku hizi nikiulizwa nianze na kipindi gani, natoa Abbott Elementary ya Quinta Brunson, iliyoanza ABC Desemba 2021, shule ya umma huko Philadelphia, kipindi kinachojifanya filamu ya hali halisi. Tazama Ava, mwalimu mkuu anayeigizwa na Janelle James. Ni mvivu, anapenda sifa, na fedha za shule ni bora asikabidhiwe. Mhusika huyu angekuwa kinyago kibaya sana kama angekuwa mwanamke mweusi peke yake. Lakini pembeni yake yuko Barbara, mkongwe asiyetaka kufundishwa kitu kipya. Yuko Janine, anayetaka kupendwa mpaka anachosha. Yuko Gregory, anayegeukia kamera kila mambo yanapoharibika. Jicho ni la Gregory. Anayestaajabiwa mara nyingi ni Jacob, mwalimu mweupe anayehangaika kuonyesha jinsi anavyowaelewa watu weusi, na maandishi yanampenda hata yakimcheka.

Isabel Sanford, aliyekuwa Louise Jefferson, alipata Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, ya mwigizaji mkuu wa kike wa vichekesho mwaka 1981. Mwanamke mweusi aliyefuata kuipata ni Brunson, Januari 2024. Katikati hapo wahusika weusi walikuwemo kwenye vichekesho vya Marekani kila mwaka, na wanaohesabu walikuwa wanahesabu.