Kukunja karatasi si kupoteza muda wa kuandika

Wazazi wengi hapa Moshi huona mtoto wa chekechea akikunja karatasi anacheza tu. Mkono, wanadai, hukomaa kwa kujaza ukurasa mzima wa a, e, i, o, u. Sivyo. Penseli hutaka kidole gumba, cha shahada na cha kati vishirikiane, na baadhi ya watoto wa miaka 3 bado huikamata kwa ngumi. Kukunja huvizoesha vidole hivyo kubana, huku mkono mmoja ukishikilia na mwingine ukifanya kazi.

Kata A4 iwe mraba wa sentimita 21. Gazeti la jana linafaa pia. Karatasi ya manila ni ngumu mno. (Masika, karatasi iliyonyonya unyevu haishiki mkunjo.) Mezani, si mapajani, mtoto alaze kona juu ya kona inayoikabili, ipatikane pembetatu. Mkono mmoja ubane kona hizo, gumba la mwingine lisugue mkunjo kutoka katikati kwenda pembeni. Akiharakisha kusugua kabla ya kubana, kona hupishana, na hapo ndipo hukasirika. Usimkunjie! Chora nukta kwenye kona zinazopaswa kukutana. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Kofia na mashua zisubiri mpaka pembetatu moja inyooke.