CH50 ikisoma sifuri, naanza na sampuli

Jibu linalonisimamisha kuliko yote maabara ni sifuri ya CH50, kipimo cha nguvu ya komplimenti, protini za kinga zilizomo kwenye damu. Ukilipokea lilivyo, linasema komplimenti ya mgonjwa huyu haifanyi kazi. Kabla sijaweka saini huwa nauliza: damu hii imekaa wapi tangu itolewe?

Komplimenti ni kundi la protini, nyingi zikitengenezwa na ini, zinazozunguka kwenye damu zikiwa zimelala. Huamka kwa kukatana: moja ikikatwa, kipande chake hugeuka kisu cha kuikata inayofuata. Njia za kuziamsha ni tatu, na protini zenyewe huitwa kwa herufi C na namba. Katika njia ya klasiki, C1 hushika kingamwili zilizonata juu ya kijidudu, kisha huzikata C4 na C2. Vipande vyake vikiungana huikata C3. Njia ya lektini huanzia kwenye sukari za juu ya kijidudu. Ya tatu, njia mbadala, haihitaji kingamwili. C3 hujifungua yenyewe polepole muda wote, na seli zetu zina breki zake. Zote hukutana kwenye C3. Baada ya hapo C5 hukatwa, C6 hadi C9 hujipanga kuwa tundu kwenye utando wa kijidudu, maji yanaingia, kinapasuka.

Mpasuko huo ndio tunaoupima. Tunachukua chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili za sungura, tunaziwekea seramu ya mgonjwa (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) iliyozimuliwa kwa viwango mbalimbali, tunaziacha kwenye nyuzi 37, tunazizungusha kwenye sentrifyuji, kisha tunasoma wekundu uliovuja. CH50 hutokana na kiwango cha seramu kinachopasua nusu ya chembe. Kwa nini nusu? Mchoro wake una umbo la S. Kwenye ncha zake, hata ukiongeza seramu nyingi mpasuko haubadiliki sana; katikati, badiliko dogo linaonekana wazi.

Sasa turudi kwenye sifuri. Miaka ya 1890 Jules Bordet, Mbelgiji aliyepewa Nobel ya 1919, alionyesha kwamba seramu ikipashwa moto hadi nyuzi 55 hivi hupoteza nguvu ya kuua bakteria. Kibebeo kilichoachwa juani hakifiki huko, lakini saa chache za joto la mchana zinatosha kuharibu jibu. Chupa ya kifuniko cha zambarau ni kosa jingine: EDTA, kemikali iliyomo ya kuzuia damu isigande, hunyakua kalsiamu ambayo C1 haiwezi kufanya kazi bila hiyo, pamoja na magnesiamu. Naomba damu kwenye chupa nyekundu, igande, izungushwe, na seramu igandishwe upesi kwenye nyuzi -70. Friza ya kawaida haitoshi.

Msiipuuze sifuri kwa sababu tu C3 na C4 ni za kawaida. Vipimo hivyo huhesabu uzito wa protini, na kingamwili zake hushika hata vipande vilivyokwisha kukatwa. Vina kazi yake: kwenye lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe) iliyopamba moto zote mbili mara nyingi hushuka, kwenye ugonjwa wa figo unaofuata maambukizi ya bakteria streptokoka kwa kawaida hushuka C3 peke yake.

Sampuli mpya, iliyotunzwa vizuri, ikirudi sifuri tena, napima njia mbadala kwa AP50, kipimo kama CH50 lakini kwa chembe nyekundu za sungura. AP50 ikiwa nzuri, kasoro ni ya C1, C4 au C2. Nayo ikiwa sifuri wakati C3 ni ya kawaida, nashuku C5 hadi C8, na hapo nampigia daktari simu siku hiyo hiyo. Mgonjwa huyo yuko hatarini kupata homa ya uti wa mgongo ya meningokoka, tena zaidi ya mara moja, na anahitaji chanjo yake.