Acha wafungwe tu? Dhana potofu kuhusu timu inayoburuza mkia

“Fundi, acha wafungwe tu. Anayeburuza mkia ndiye anayechagua wa kwanza.”

Safari hii maneno hayo, kuhusu Sabres, timu yetu ya hoki ya barafu hapa Buffalo, Marekani, yalitoka kwa papa mmoja wa Uvira, Jumamosi asubuhi, viatu vya mwanawe vikiwa bado kwenye kibanio cha mashine. Nilikuwa nimemaliza kimoja. Nikalaza sarafu juu ya chuma kuona kama kingo zote mbili ziko sawa, zikawa sawa, nikanoa cha pili, nikamkabidhi mzigo wake kimyakimya kwa sababu nyuma yake walikuwa watu sita kwenye foleni. Jibu langu kwake naliandika hapa. Nanoa viatu vya barafu hapa Buffalo mwaka wa kumi na moja sasa, na jioni nafundisha hoki watoto wa chini ya miaka 12. Kauli hiyo nimeisikia kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Nimeichoka.

Dhana: Kufungwa sana ni kuwekeza

Mantiki yake inavutia, sikatai. NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, inazipa timu dhaifu nafasi ya mbele siku ya drafti, yaani siku timu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu, kwa hiyo ukishaona msimu umeharibika, uharibu kabisa, umpate kijana wa ajabu, baada ya miaka mitatu unabeba kombe. Anayeniambia hivyo huwa anaitaja Pittsburgh na nyota wao Sidney Crosby, halafu ananiangalia kama aliyemaliza mjadala.

Ukweli ni kwamba wa mwisho hapewi chaguo la kwanza moja kwa moja. Anapewa tiketi nyingi zaidi za bahati nasibu, basi. Na mji wa kuuliza habari hiyo ni huu huu wetu. Sabres waliburuza mkia wa ligi nzima mara nne ndani ya miaka minane: 2014, 2015, 2018 na 2021. Mwaka 2014 walikuwa na asilimia 25 za kuchagua kwanza. Florida wakawapiku, wakamchukua Aaron Ekblad.

Mwaka 2015 ndio uliotia watu wazimu, kwa sababu wa kwanza safari hiyo angekuwa Connor McDavid, kinda aliyetamaniwa na kila timu. Meneja mkuu alikuwa ameuza kila mwenye thamani. Machi 26 Arizona wakaja hapa, timu mbili za chini kabisa zikikutana. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Sam Gagner akaifungia Arizona bao la ushindi, na watu waliolipa kiingilio, wenye jezi za Buffalo mgongoni, wakashangilia. Timu yao wenyewe imefungwa nyumbani, nao wanashangilia! Wachezaji walikuwa pale barafuni wakisikia. Sabres wakamaliza wa mwisho kama ilivyotakiwa, na pointi 54, na asilimia 20 za bahati nasibu. Aprili mipira ikazungushwa: McDavid akaenda Edmonton, waliokuwa na asilimia 11.5.

Buffalo wakampata wa pili, Jack Eichel, na mwaka mmoja kabla walikuwa wamempata wa pili mwingine, Sam Reinhart. Wachezaji wakubwa wote wawili. Eichel akavutana na timu kuhusu upasuaji wa shingo, Novemba 2021 akapelekwa Vegas, akafanyiwa upasuaji alioutaka, akabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, 2023. Reinhart aliuzwa kiangazi cha 2021 kwa Florida, ndiyo, kwa Ekblad yule yule wa bahati nasibu ya 2014. Mwaka 2024 akafunga bao lililoamua mechi ya saba ya fainali, na 2025 wakabeba tena. Ryan O'Reilly, aliyesema waziwazi mwaka 2018 kwamba timu ilikuwa imezoea kufungwa na kwamba mapenzi yake kwa mchezo yalikuwa yakimtoka, alipelekwa St. Louis kiangazi hicho hicho. Mwezi Juni 2019 alikuwa na kombe mkononi, na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Huo ndio uwekezaji wetu: tulipanda sisi, wakavuna jirani watatu.

Na Pittsburgh? Mwaka 2004 walimaliza wa mwisho kweli, baada ya kukaa mechi 18 bila ushindi. Bahati nasibu wakaikosa. Washington wakamchukua Alex Ovechkin. Pittsburgh wakampata Evgeni Malkin katika nafasi ya pili. Crosby walimpata mwaka uliofuata, na msimu huo haukuchezwa kabisa kwa sababu ya mgogoro wa mishahara. Hapakuwa na wa mwisho. Timu zote 30 ziliingizwa kwenye bahati nasibu, nne kati yake zikiwa na mipira mitatu kila moja, na Buffalo ilikuwa mojawapo, sawasawa na Pittsburgh. Tulikuwa na tiketi ile ile! Kwa hiyo ukinitajia Crosby kama zawadi ya kufungwa, nitakutajia Detroit ya 2020, pointi 39 katika mechi 71, timu mbovu kuliko zote kwa mbali, ikatupwa nafasi ya nne. Colorado nao 2017 walipata pointi 48 na kuangukia nafasi ya nne. Wakamchukua Cale Makar, na 2022 wakawa mabingwa. Walijua kuchagua, na kabla ya hapo walikuwa tayari na Nathan MacKinnon.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, maana hesabu mtu anaweza kubishana nayo. Anayesema “wanafungwa makusudi” anadhani kuna mtu barafuni anayefungwa makusudi. Hayupo. Meneja anaweza kuidhoofisha timu kwa makusudi, hilo linatokea. Mchezaji ana mkataba unaokwisha, ana kijana kwenye ligi ya chini anayemvizia nafasi, ana mwili unaouma. Atacheza. Ila atacheza kama mtu aliyezoea kufungwa, na hali hiyo naijua kwa watoto wangu wa jioni.

Tuliwahi kufungwa mechi saba mfululizo. Kufikia ya tano niliona kitu ambacho hakimo kwenye takwimu yoyote: fimbo zilikuwa juu. Mtoto anayetaka paki, kile kisahani cha mpira tunachokipiga kwa fimbo, hulaza fimbo yake barafuni na kuigonga gonga, “nipe, nipe.” Wangu walikuwa wameshika fimbo kiunoni. Hakuna aliyekuwa ameacha kukimbia, kwenye kona walikuwa wanaingia, lakini hakuna aliyeitaka paki, kwa sababu mwenye paki ndiye anayekosea. Kuwarudisha fimbo chini kulinichukua majira ya baridi yote, na hao ni watoto, wanasahau upesi.

Halafu tazama Sabres wa 2020/21. Mechi 18 bila ushindi, kuanzia mwishoni mwa Februari: 15 za kufungwa katika muda wa kawaida, tatu baada yake. Machi 29 waliongoza Philadelphia 3-0. Timu nyingine yoyote inafunga duka hapo. Wakafungwa 4-3. Nilikuwa naangalia na mke wangu, asiyejua hoki, akaniuliza mbona hawa wanampa mwenzao tu paki. Alikuwa ameona kile kile. Siku mbili baadaye, timu ile ile, wapinzani wale wale, wakashinda 6-1, kwa hiyo uwezo ulikuwepo.

Msimu huo uliwapa chaguo la kwanza, Owen Power, beki mzuri. Kutoka msimu wa 2011/12 hadi 2024/25 Sabres hawakucheza mtoano hata mara moja, misimu 14, rekodi ya ligi nzima. Jeff Skinner, aliyekaa hapa miaka sita ya kipindi hicho, alishapita mechi 1,000 za ligi alipoonja mtoano kwa mara ya kwanza, 2025, akiwa ameshahamia Edmonton. Chaguo la kwanza tumelipata mara mbili, 2018 na 2021. Mniambie faida.

Dhana: Kipa ndiye anayetufungisha

Linus Ullmark alikuwa kipa wa timu ile ile iliyoburuza mkia 2021. Alizuia asilimia 91.7 ya mashuti na akashinda mechi 9 kati ya 15 ambazo timu nzima ilishinda. Aliumia mwishoni mwa Februari, na sehemu kubwa ya ule mfululizo akaukosa. Kiangazi akaenda Boston, na 2023 akapewa tuzo ya Vezina, kipa bora wa ligi. Mikono ni ile ile, miguu ni ile ile, mbele yake tu ndio walibadilika watu.

Ushauri wangu kwa kila mzazi, na wanaonijua wameshauchoka: bao likiingia, usirudishe macho kwa kipa. Rudisha sekunde kumi nyuma. Utakuta mtu alibaki barafuni muda mrefu mno. Zamu ya mchezaji barafuni, kabla hajampisha mwenzake, ni sekunde 45 hivi. Ikifika dakika na robo miguu imekwisha, anasimama akiwa ameegemea fimbo, na mtu wake anampita. Timu inayofungwa hukaa barafuni muda mrefu kwa sababu kila mmoja anataka kuikomboa peke yake.

Dhana: Mfukuze kocha

Ralph Krueger alifukuzwa Machi 17, 2021, baada ya mechi 12 bila ushindi. Aliyemrithi, Don Granato, akaanza na sita nyingine kama zile.

Dhana: Wanunue nyota

Walinunua. Taylor Hall, mchezaji bora wa ligi 2018, dola milioni 8 kwa mwaka mmoja. Mechi 37, mabao 2. Wakampeleka Boston mwezi Aprili, na kule akafunga 8 katika mechi 16. Skinner alikuwa kwenye mkataba wa milioni 9 kwa mwaka. Msimu huo mabao 7. Na kuna kikomo cha mishahara, mwaka huo milioni 81.5, tajiri na maskini wote sawa. Huku hakuna wa kununua kikosi kizima kwa msimu mmoja kama tunavyoona kwenye soka. Pesa uliyomwahidi mtu miaka minane inakaa pale miaka minane.

Dhana: Pointi wanapata, kwa hiyo hawako vibaya

Kwenye msimamo wa ligi safu ya kwanza ni ya kushinda, ya pili ya kufungwa, na ile ya tatu ni ya waliofungwa baada ya dakika 60. Inatoa pointi moja, lakini ni kufungwa. Ijumlishe na safu ya pili, ndipo uniambie timu yako iko nusu kwa nusu.

Dhana: Watashushwa daraja

Hili ni la kwetu, wageni wa mji wanaotoka kwenye mpira wa miguu, na kusema kweli nalipenda. Mama mmoja wa Bujumbura aliniuliza kwa huruma timu hii itacheza ligi gani mwakani. Itacheza hii hii. Ligi ni ya wamiliki wenyewe, nafasi imenunuliwa, hakuna wa kuwashusha wala anayepanda kutoka chini. Washington 1974/75 walishinda mechi 8 kati ya 80, ugenini moja tu, na msimu uliofuata walikuwepo. Lingekuwepo tishio hilo, wale watu wa Machi 26 wasingeshangilia bao la Arizona, wangekuwa wanalia.

Yule papa wa Uvira amerudi jana. Sasa anataka chuma cha mwanawe kichimbwe zaidi, mtu amemwambia kikali zaidi ndiyo kasi zaidi. Sivyo. Mfereji ule wa katikati ya chuma ukiwa mwembamba na wa kina, kiatu kinauma barafu, mtoto anakata kona vizuri, ila kwenye kuteleza moja kwa moja kinamshika. Nimemwachia mfereji wa kipimo cha nusu inchi (ni nusu kipenyo cha mviringo wake, si kina) kama mwanzo na kumpa kitambaa, kwa sababu vyuma vyote viwili vilikuwa na kutu. Vinakaa ndani ya begi vikiwa na maji tangu Jumamosi.