Baraza sio pambo la nyumba

Kuna hii dhana kwamba dizaini ni urembo unaopakwa mwisho kazi ikishaisha, ndo maana wengi wakiona baraza za Mji Mkongwe Zanzibar au kule Lamu, yale mabenchi ya mawe yaliyoshikana na ukuta wa nje wa nyumba, wanasema mapambo ya kizamani. Sio kweli kabisa. Baraza ni heshima iliyojengwa kwa mawe na chokaa: mgeni anakaa, anapewa kahawa, mazungumzo yanaenda, na waliomo ndani wanabaki na sitara yao. Na mvua kubwa ikijaza vichochoro watu wanapita juu yake.

Mi nimeelewa hili siku tulipojenga ya bibi. Fundi kabla hajashika mwiko akauliza, nani atakaa hapa? Kila kipimo kilikuwa swali la nani tunamjali, maana ukiinua sana wazee miguu inaning'inia, ukiibana watu hawakai, ukiisogeza mno mlangoni mpita njia anaona mpaka ndani. Tukapanga mawe, bibi akakaa, akasema punguzeni kidogo wanangu, tukabomoa tukapanga tena, akakaa tena, mpaka nyayo zake zikagusa chini vizuri ndo tukapiga chokaa.