Bromelia juu ya mawe ya Goma: kuitambua na kuikuza

Anayepanda maua Goma hulalamikia mawe, maana jembe halishuki mbali kabla ya kugonga lava. Kwa bromelia, lava hiyo ni neema. Mimea hii karibu yote asili yake ni Amerika, na mingi huishi juu ya matawi na miamba, mizizi ikishikilia tu. Maji na chakula huingia kwa majani, kupitia vigamba vidogo ambavyo kwenye aina fulani huonekana kama unga wa kijivu. Ndugu yao mmoja unamla kila siku: nanasi.

Wengi huichanganya na mshubiri au mkonge. Mimina maji kidogo katikati ya majani: bromelia nyingi huyashika pale majani yanapokumbatiana, kama kikombe. Kata ncha ya jani: la mshubiri ni nene na lina ute, la bromelia ni jembamba.

Kisha pitisha kidole ukingoni mwa jani, polepole. Ukingo laini, na ua lenye umbo la nyota nyekundu au ya machungwa, ni Guzmania. Ukingo laini lakini ua bapa kama upanga ni Vriesea. Aechmea ina miiba, mara nyingi na mistari ya kijivu. Neoregelia nayo ina miiba midogo. Hutandaza majani, na ikikaribia kuchanua kitovu chake huwa chekundu, vijiua vikiwa vimezama majini. Tillandsia za kijivu hazina kikombe kabisa. Miiba pia hukuonyesha pa kuiweka: jani gumu la miiba huvumilia jua la asubuhi, jani laini linataka baraza au kivuli cha mparachichi. Jua la saa sita huchoma hata zile ngumu. Doa huanza jeupe, halafu huwa kahawia.

Changanya makopo 2 ya changarawe ya volkano (punje kama za mahindi), kopo 1 la vipande vya makaa na kopo 1 la majani yaliyooza vizuri. Osha changarawe kwanza, kwa sababu vumbi lake huziba nafasi za hewa. Chungu cha sentimita 12 hadi 15 kinatosha, mradi kina matundu. Fukia hadi majani ya chini yanapoanzia, basi. Hapa ndipo nyingi hufia: mtu huifukia kama mche wa kabichi, shina linaoza, na siku moja jani la kati linachomoka mkononi likinuka. Ikiwa inayumba, ifunge kwenye kijiti kwa uzi, kamwe si kwa waya wa shaba. Shaba ni sumu kwake, hata ile iliyomo katika dawa za ukungu za nyanya.

Maji ya bidoni kutoka Ziwa Kivu yana madini mengi. Yakikauka huacha madoa meupe na kuziba vigamba. Ya mvua ni bora, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga. Majivu ya volkano yakianguka, suuza kikombe siku hiyohiyo.

Mbu lazima tuwataje. Aedes bromeliae, anayeeneza homa ya manjano Afrika Mashariki, huzaliana katika maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani, ya mgomba na ya nanasi pia. Kila siku 5 inamisha chungu, mwaga maji yote, jaza mapya.

Mbolea ya maji iwe robo ya kipimo cha paketi, mara moja kwa mwezi, na uimwage kwenye changarawe. Ikizidi, majani hurefuka na rangi hupotea. Samadi usiitie kikombeni.

Kila shina huchanua mara moja, kisha hufa polepole likitoa machipukizi ubavuni. Usiling'oe mapema, bado linayalisha. Chipukizi likifika theluthi moja hadi nusu ya urefu wa mama, likate kwa kisu safi, liache kivulini siku 2 kidonda kikauke, ndipo upande. Na likikomaa bila kuchanua? Mwaga maji ya kikombe, funika mmea kwa mfuko wa plastiki pamoja na ndizi mbivu 2, uweke kivulini siku 7 hadi 10. Hewa ya ethilini inayotoka kwenye ndizi ndiyo huamsha ua, nalo huonekana baada ya wiki kadhaa. Kwa mmea mchanga utapoteza ndizi bure.