Ekari tano za nyasi: kabla ya kuamua, hesabu kinachotoka langoni

Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Kasarani, Nairobi, alinipeleka majuzi kwenye shamba lake la ekari tano upande wa Isinya, Kaunti ya Kajiado, ambako kwa miaka sita amekuwa akivuna nyasi aina ya boma rhodes na kuziuza zikiwa marobota. Tulipofika alisimama kando ya ua akaniuliza: "Daktari, niendelee na hizi nyasi, ama nizing'oe nipande mahindi?" (Wenye mifugo hutuita madaktari sote tunaoshughulikia lishe ya wanyama, hata sisi ambao kazi yetu ni malisho tu.) Jirani mmoja alikuwa amemshauri alime, mwingine akataka kumkodishia shamba lote alishe ng'ombe wake, na wa tatu akamwambia asubiri kiangazi, bei ya robota itapanda.

Kuhusu mahindi sikusita. Shamba lile lina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao hupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua na kunasa magurudumu ya lori siku mbili baada ya mvua. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele mavuno hupotea, hata kama mvua itanyesha vizuri baadaye, ilhali boma rhodes hutuma mizizi chini sana, hukauka juu, kisha huchipua upya mvua inaporudi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo makavu ya nchi yetu, Kajiado ikiwemo, na waliolima mahindi kwenye nyanda zile walirudisha majembe stoo mikono mitupu. Nyasi nazo zilidumaa, lakini shina lilibaki hai.

Lililonishughulisha zaidi ni jambo ambalo Mwalimu alilitaja kwa kupita tu: msimu wake wa kwanza alipata marobota 140 kwa ekari, na msimu huu hakufikisha 60. Alidhani mbegu imezeeka, na alikuwa ameanza kuulizia trekta ya kulima upya. Nilimwomba tuingie ndani ya shamba. Katikati ya vishina palikuwa na vipara vya ardhi tupu, majani ya chini yalikuwa na rangi ya manjano, na kwenye kona ya mteremko gugu la ipomoea lilikuwa limeshika nafasi kubwa. Niling'oa kishina kimoja kwa nguvu za mikono yote miwili, nikampa akitazame: mizizi ilikuwa mingi na mizima. Nyasi zile hazikuwa zimezeeka kiasi cha kung'olewa. Zilikuwa na njaa.

Njaa hiyo inapimika, na hesabu yake ningependa kila mwenye shamba la nyasi aifanye kwenye karatasi kabla ya kuamua lolote. Chukua robota la kilo 15. Ukiondoa unyevu uliobaki, uzito wake mkavu ni kama kilo 12 na robo tatu. Nyasi zilizokatwa kwa wakati mzuri huwa na protini ya asilimia 8 hivi, na ukigawanya 8 kwa 6.25, kipimo cha kubadili protini kuwa nitrojeni, unapata asilimia 1.28, ambayo ndiyo nitrojeni iliyomo, chakula ambacho nyasi zimekitoa udongoni. Kwa hiyo kila robota linaondoka na gramu 160 hivi za nitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa CAN, mbolea ya kuongeza nitrojeni, una asilimia 26 ya nitrojeni, yaani kilo 13. Hii ina maana kwamba kila marobota 80 yanayopakiwa kwenye lori yanaondoka na nitrojeni sawa na ya mfuko mzima wa CAN, na hapo bado hatujagusa potasiamu na fosforasi. Mwaka wa kwanza Mwalimu alitoa marobota 700 katika mkato mmoja, karibu mifuko tisa. Kwa miaka sita hakuwa amerudisha hata gunia moja la samadi.

Simlaumu, kwa sababu nyasi zinadanganya. Anayelima mahindi hununua mbolea kwa mazoea, lakini nyasi huonekana kama kitu kinachojiotea, na pesa ya robota huonekana kama faida tupu. Sehemu ya pesa hiyo ni bei ya udongo wenyewe, na asiyeitenga anauza shamba lake kidogo kidogo.

Wakati wa kukata nao una uzito wake. Wengi husubiri nyasi zirefuke na kukomaa ili marobota yaongezeke, lakini boma rhodes iliyozeeka protini yake inaweza kushuka chini ya asilimia 4, na chini ya asilimia 7 hivi vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa cha kufanyia kazi. Mnyama hushiba huku akikonda. Kata zinapoanza kuchanua, na uache kishina chenye kimo cha ngumi.

Nisisahau unyevu. Miaka kadhaa iliyopita niliharakisha kufunga nyasi zangu mwenyewe kwa kuogopa mawingu, na baada ya wiki moja nilipotia mkono kati ya marobota nilihisi joto kama la uji ulioepuliwa. Tuliyatoa stooni yote usiku ule, na karibu nusu yalikuwa na ukungu. Tangu hapo sifungi kabla ya kupima kwa chumvi: nakata nyasi vipande vidogo, naviweka kwenye chupa kavu ya glasi pamoja na kijiko cha chumvi kavu, nafunika na kutikisa kwa dakika mbili. Chumvi ikishikamana, nyasi bado ni mbichi.

Mwalimu aliuliza pia kama afuge mwenyewe. Ng'ombe wa kilo 400 akila nyasi kavu peke yake humaliza karibu robota moja kwa siku, yaani 365 kwa mwaka, kwa hiyo shamba likirudi katika hali yake nzuri na kukatwa mara mbili kwa mwaka linaweza kulisha ng'ombe watatu au wanne. Lakini yeye yuko Kasarani, na ng'ombe wa maziwa hataki bosi wa wikendi. Nilimshauri asifuge kwa sasa.

Kukodisha shamba lote nilikupinga, kwa kuwa mpangaji wa mwaka mmoja hana sababu ya kutia mbolea kwenye ardhi ya mtu. Anayetaka kukodisha hata hivyo aandike mkataba, na akumbuke kwamba kukodisha ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo hilo. Bila idhini, makubaliano hayana nguvu kisheria.

Tuliyokubaliana ni haya. Ekari tatu zitaendelea kukatwa, na kila moja itapata mfuko wa CAN mvua ikishaloweka udongo, pamoja na samadi iliyooza kadiri itakavyopatikana. Ekari moja na nusu, yenye vipara vingi, ng'ombe wa yule jirani wataruhusiwa kulisha baada ya mkato, udongo ukishakauka, kwa sharti kwamba usiku walale humo humo katika boma la miti linalohamishwa kila baada ya siku chache, ili samadi ianguke panapohitajika. Nusu ekari ya mteremkoni, ipomoea itang'olewa na mizizi yake kabla haijatoa mbegu, kisha ipandwe nyasi upya. Udongo tumeupeleka kupimwa kwenye maabara ya Kabete, na kiasi cha fosforasi tutakiamua majibu yakitoka.

Jirani alikubali kabla hatujamaliza kueleza. Mwalimu alikuwa bado ameshika kile kishina, na kabla ya kuingia garini alirudi akakipanda pale pale nilipokitoa, akakikanyagia udongo kwa kisigino.